Lupu Kali, Wimbo Hauishi: Mwongozo Kamili wa Kujikwamua Unapopanga Muziki wa Kielektroniki

Una lupu, yaani kipande cha muziki kinachojirudia, ya baa 8 inayopiga barabara. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, imekaa, besi inatikisa meza, melodi imekuganda kichwani tangu juzi. Shida ni baa ya 9. Unanakili lupu ileile mbele, unasikiliza, unaongeza sinthi nyingine (ala ya sauti za kielektroniki), unabadili snea (ngoma kali inayoitikia kiki), unarudi mwanzo. Wiki inakatika na faili bado lina sekunde 15 za muziki.

Wengi wanaokwama hapa hudhani wameishiwa mawazo. Mara nyingi mawazo yapo, tena yamejaa mno mahali pamoja. Lupu unayoipenda tayari ni kilele cha wimbo: kila kitu kinalia kwa wakati mmoja, ndiyo maana inanoga. Ukiongeza kitu juu ya kilele unapata kelele. Kazi iliyobaki ni kutoa, kuficha na kurudisha kwa wakati wake, na kazi hiyo ina utaratibu.

## Vitu vya kuandaa

- Programu yoyote ya kutengenezea muziki: Ableton Live, FL Studio, Logic Pro, Reaper, au unayoizoea.
- Lupu moja ya baa 4 au 8 yenye ngoma, besi na angalau wazo moja linalokumbukika. Chagua moja, nyingine zifunge.
- Wimbo mmoja wa mfano, wa mtindo wako na wenye kasi inayokaribiana na yako.
- Karatasi, kalamu, na kengele ya simu.
- Hedifoni au spika unazozifahamu, hata kama si za maana.

Plagini mpya (programu ndogo ya kuongezea sauti) haimo kwenye orodha hii, na haimo kwa makusudi.

Jambo moja la hesabu kabla ya kuanza. Baa moja katika muziki huu karibu kila mara ni mapigo manne. Ukitaka kujua ina sekunde ngapi, gawa 240 kwa kasi ya wimbo. Kwa mapigo 128 kwa dakika unapata sekunde 1.875, yaani baa 16 ni nusu dakika na baa 32 ni dakika kamili. Mifano yote humu inatumia kasi hiyo. Kama yako ni 110 au 174, fanya hesabu yako mapema na uiandike juu ya karatasi.

## Hatua ya 1: Jua nani anafanya kazi gani

Usiguse mpangilio bado. Cheza lupu, nyamazisha traki moja (mstari wa chombo kimoja), sikiliza mizunguko miwili bila hiyo, irudishe, kisha nenda kwenye inayofuata. Kwenye karatasi zigawe traki zote katika makundi matatu: mhimili, nyama na pambo.

Mhimili ni kile ambacho kikitoka, wimbo haupo tena. Huenda ni mstari wa besi, huenda ni kipande cha sauti ya mtu kilichokatwakatwa, mara chache ni kiki peke yake. Nyama hujaza mwili. Pambo hukumbuki kama lilikuwepo mpaka uangalie skrini.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba mpangilio ni zamu za kuingia na kutoka, na huwezi kupanga zamu bila kujua kila mmoja anashika kazi ipi. Ukiruka hatua hii utaishia kutoa vitu kwa kubahatisha, wimbo utapwaya, nawe utarudi kuongeza sinthi.

Angalia sana kundi la mhimili. Likiwa na traki tano, kuna zinazogombea kazi moja. Kisa cha kawaida ni sinthi mbili zinazocheza kwa mdundo uleule katika oktava ileile. Ulizirundika ili sauti iwe nene, na sasa hakuna hata moja inayosikika sawasawa. Chagua moja, nyingine iweke pembeni. Huenda ndiyo itakayokufaa kwenye brekidauni, ile sehemu ya utulivu ambapo ngoma hutoka.

Utajua umefaulu ukiweza kumalizia sentensi hii bila kusita: "Wimbo huu ni ule wenye…" Usipoweza, usiende hatua ya 2. Ruka mpaka mwisho wa mwongozo, kwenye sehemu ya lupu zisizo na wazo.

## Hatua ya 2: Hifadhi, kisha geuza traki ziwe sauti

Hifadhi faili kwa jina jipya. Lile la zamani usiliguse tena.

Kwenye faili jipya, geuza kila traki ya midi (maagizo ya noti yanayoiambia sinthi icheze nini) kuwa sauti iliyorekodiwa. Programu zote kubwa zina amri ya kufanya hivyo. Lengo ni kujifungia mlango: huwezi tena kufungua sinthi na kupoteza saa nzima ukizungusha vitufe. Kutengeneza sauti, kuchanganya na kupanga ni kazi tatu tofauti, na anayezifanya zote kwa pamoja hukwama kwenye ile iliyo ngumu kuliko zote kisha hukimbilia ile iliyo tamu. Kupanga ndiko kugumu. Kuzungusha filta (kichujio cha sauti) ndiko kutamu.

Tahadhari: usirekodi mzunguko mmoja tu. Mwangwi wa noti za baa ya 8 humwagikia kwenye baa ya 1 ya mzunguko unaofuata. Ukikata mzunguko wa kwanza, kila utakapojirudia utasikia kijishimo pale mwanzoni. Rekodi mizunguko miwili, tumia wa pili kama lupu yako, halafu weka kando kipande cha mwisho chenye mkia wa mwangwi. Utakihitaji kila mara sehemu inapokatika.

## Hatua ya 3: Chukua mifupa ya wimbo wa mfano

Ingiza wimbo wa mfano kwenye traki yake yenyewe. Upunguze sauti kwa desibeli 8 hivi, kwa sababu nyimbo zilizokwisha kutoka zimepandishwa sauti hadi mwisho na zitafanya kazi yako isikike dhaifu bila kosa lako. Panga kiki yake ya kwanza ikae sawa na baa ya 1.

Sikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila kitu kinapoingia au kutoka, weka alama na andika kilichotokea: "33, besi inaingia", "65, kiki inatoka". Utaona kwamba alama nyingi zinaangukia kwenye vipimo vya baa 8 na 16. Hilo ndilo linalomwezesha msikilizaji kucheza bila kufikiri, na dijei kuunganisha nyimbo mbili bila kujikwaa.

Hii hapa mifupa ya wimbo wa dakika 5 wa kuchezwa klabu, jumla baa 160. Itumie kama huna mfano:

- Baa 1–16: ngoma na pambo dogo
- Baa 17–32: besi inaingia
- Baa 33–64: sehemu kuu ya kwanza
- Baa 65–80: brekidauni
- Baa 81–88: kupanda kuelekea dropu, pale vyote vinaporudi kwa pamoja
- Baa 89–120: dropu, kilele
- Baa 121–136: kilele kinaanza kupungua
- Baa 137–160: ngoma za kutokea

Wapo wanaoona hii ni kuiba. Sikubaliani nao. Kuwa na dakika moja ya ngoma mwanzoni si mali ya mtu. Ni umbo linalotumiwa na maelfu ya nyimbo. Usichukue melodi, usichukue sampuli (kipande cha rekodi). Ukimaliza kuweka alama, ufute wimbo huo kwenye faili. Ukiendelea kuusikiliza utaanza kuuonea haya wako.

## Hatua ya 4: Tandaza yote, kisha chonga

Hapa ndipo wimbo unapozaliwa, kwa hiyo twende taratibu.

Nakili lupu nzima, traki zote, mara 20 (40 kama ni ya baa 4). Sasa una baa 160 zinazochosha kupita kiasi, ila una wimbo wenye mwanzo na mwisho. Hofu ya nafasi tupu upande wa kulia wa skrini imekwisha. Weka kengele ya dakika 40. Mpaka ilie, unaruhusiwa kitu kimoja: kuondoa. Hakuna kuongeza, hakuna kubadili sauti, hakuna kugusa kiwango cha traki. Badala ya kufuta, nyamazisha klipu (kipande cha traki) ili uweze kuirudisha. Kwenye Ableton Live unaichagua na kubonyeza 0.

Anzia kwenye kilele, si mwanzoni. Baa 89–120 ziache kama zilivyo, hizo ndizo lupu yako. Kuanzia hapo rudi nyuma, sehemu moja moja, ukijiuliza swali moja tu: nitoe nini hapa ili kile kinachofuata kionekane kikubwa?

Kwenye brekidauni jibu ni kiki na besi. Hivyo viwili ndivyo vinavyobeba uzito wa chini, takribani hezi 120 kushuka, na mwili husikia vikiondoka hata kabla sikio halijatambua. Vikirudi pamoja kwenye baa ya 89, dropu itasikika nzito ingawa hujapandisha sauti hata desibeli moja.

Kwenye sehemu kuu ya kwanza, baa 33–64, wengi huharibu. Wanaiachia iwe na kila kitu, halafu wanashangaa kwa nini dropu haina nguvu. Bila shaka haina, imeshasikika. Zuia kitu kimoja cha maana: hai-hati iliyofunguka (matoazi yanayoachwa yalie), nusu ya pili ya melodi, au ile sauti ya juu inayoitikia. Kiwe kwenye kundi la mhimili au nyama nzito. Kuzuia pambo hakumsisimui mtu.

Huu hapa uchongaji wa baa 65–88, kipande kwa kipande:

Baa ya 65, kiki na besi vinatoka kwa mpigo mmoja. Pedi (sauti laini inayovutwa kwa nyuma) na melodi tu zinabaki. Baa ya 73, melodi nayo inatoka, pedi inabaki peke yake, na hapo msikilizaji anaanza kungoja. Baa ya 77, klapu (sauti ya makofi) inarudi. Baa ya 81, hai-hati inaingia na melodi inarudi, lakini nusu yake ya kwanza tu. Baa ya 85, besi bado haijarudi. Baa ya 88, mapigo mawili ya mwisho yako kimya kabisa isipokuwa mkia wa mwangwi wa klapu. Baa ya 89, vyote.

Hesabu vitu vipya hapo. Hakuna hata kimoja. Sekunde 45 za muziki zimetoka kwenye lupu uliyokuwa umeikatia tamaa.

Tahadhari: utasikia snea mbaya, besi inayofunika kiki, na mengine mengi. Usirekebishe. Andika kwenye karatasi chini ya kichwa "Baadaye", uendelee. Rekebisho moja la snea hula dakika zote 40.

Utajua umefaulu kama, ukiacha kilele chenyewe, hakuna baa 16 zinazofanana na zinazofuata, na kama kuna sehemu mbili au tatu ambapo unasikia pengo linaloomba kitu. Mapengo hayo ni ya hatua ya 5. Kengele ikilia kabla hujamaliza, pumzika, kisha weka nyingine.

## Hatua ya 5: Pata sehemu ya pili bila kutunga upya

Kuna nyimbo zinazotosheka na kuchongwa. Nyingine zinahitaji mahali pamoja panapobadilika, kwa kawaida brekidauni, na hapo watu hurudi kwenye kinanda na kuanza wimbo mwingine kabisa bila kujua. Tumia ulichonacho. Chagua mojawapo:

- Besi ishikilie noti moja tu wakati kodi za juu (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinaendelea kubadilika. Hisia nzima inageuka, na hujaandika kitu.
- Anza mzunguko wa kodi kutoka ya tatu badala ya ya kwanza.
- Ngoma ziende nusu mwendo: snea ipige pigo la 3 tu badala ya la 2 na la 4.
- Chukua sampuli au melodi uliyorekodi, icheze kwa nusu ya kasi yake bila kuzuia noti zisishuke. Inateremka oktava moja kamili na kuwa na sura ambayo usingeitunga.

Nimesema mojawapo. Ukichukua tatu, msikilizaji atadhani umebadilisha wimbo.

Napenda hiyo ya mwisho kuliko zote, hasa kwa sauti za watu. Ile sinthi uliyoiweka pembeni katika hatua ya 1 nayo ijaribu hapa.

## Hatua ya 6: Fanya viungo

Kiungo ni baa moja au mbili kabla ya sehemu mpya. Bila kiungo sehemu zinasikika kama zimebandikwa.

Njia nyepesi ndiyo inayofaa mara nyingi: toa kiki kwenye baa ya mwisho au nusu yake. Ikiwa haitoshi, iache noti ya mwisho ya melodi iingie kwenye dilei (kirudishaji cha sauti) na kuyoyoma juu ya sehemu mpya. Ile kelele ya kupanda inayouzwa kwenye kila kifurushi cha sampuli imetumika mno hadi haisemi kitu. Itumie mara moja kwenye wimbo, au usiitumie.

Kuna kiungo kimoja kinachostahili jasho lake. Chukua noti ya kwanza ya sehemu inayokuja, tuseme ile ya baa ya 89. Iwekee mwangwi mrefu sana, rekodi, kisha geuza rekodi hiyo nyuma-mbele na uiweke imalizikie pale hasa baa ya 89 inapoanzia. Mwangwi unavimba na kumvuta msikilizaji kuelekea noti ambayo bado haijapigwa. Kwa kuwa umetokana na wimbo wenyewe, unakubaliana na kodi zake bila kulazimishwa.

Usiweke kiungo kila baada ya baa 8. Badiliko dogo kila baa 8, kwa mfano pigo moja la hai-hati kukosekana, linatosha. Viungo vikubwa viwe kwenye mipaka ya sehemu tu.

## Hatua ya 7: Sikiliza bila kuona

Toa faili, liweke kwenye simu, ondoka kwenye kompyuta. Macho hudanganya: ukiona klipu mpya inakuja, sikio linaisubiri na wimbo unaonekana una mwendo. Anayesikiliza wimbo wako hana skrini hiyo.

Tembea, sikiliza mara moja bila kusimamisha. Kila unapogundua akili imehama, andika muda tu, usiandike sababu. Ukirudi, badili muda kuwa baa: gawa sekunde kwa 1.875, ongeza 1. Dakika 2:30 ni sekunde 150, gawa unapata 80, kwa hiyo uchoshi uko kwenye baa ya 81.

Dawa ya kwanza kujaribu ni kukata baa 8. Dawa ya pili, kukata nyingine 8. Kuongeza kitu ni dawa ya tatu. Watengenezaji wengi wanapenda mno brekidauni zao na huziacha ndefu mara mbili ya zinavyostahili.

Utajua umefaulu ukisikiliza mpaka mwisho huku unafikiria kitu kinachofuata kwenye wimbo, na si barua pepe.

Ukifika hapo, ongeza sekunde chache za ukimya baada ya noti ya mwisho ili mwangwi usikatwe, kisha fungua orodha ya "Baadaye". Utakuta mengi uliyoandika yalihusu traki ulizokwisha kuziondoa.

## Kama bado umegota

Huwezi kuamua nini kitoke lini. Acha kipanya, tumia mikono. Cheza lupu nzima, bonyeza rekodi, na kwa dakika 5 nyamazisha na kurudisha traki moja kwa moja, programu ikirekodi unachofanya. Kwenye Ableton Live unarusha klipu kutoka Session View zikaandikwa kwenye Arrangement. Kwenye nyingine unarekodi otomesheni (mabadiliko yanayojirudia yenyewe) ya vitufe vya kunyamazisha. Utakosea sana. Lakini utapata mahali pawili ambapo mkono uliamua vizuri kuliko kichwa, na hapo ndipo pa kujenga.

Lupu imekuchosha, huisikii tena. Ibadili ufunguo, ipandishe au uishushe nusu toni tatu, au ongeza kasi kwa mapigo 4 hadi 6. Sikio linaipokea kama ngeni kwa muda wa kutosha kumaliza hatua ya 4. Siku chache za kutoigusa zinafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu zaidi.

Mwanzo haupatikani. Acha kuutafuta. Maliza kutoka kilele kwenda nyuma, na mwanzo utakuwa ni kile kilichobaki.

Kila kitu kinaonekana cha lazima. Punguza traki zibaki 8 na ujaribu tena. Zilizobaki hazifi, ziko kwenye faili la zamani.

Lupu haina wazo. Hili nalo hutokea, na ni bora kulijua mapema. Jaribio ni hili: chukua traki moja moja ya kundi la mhimili na uicheze peke yake kwa baa 8. Ikiwa hakuna hata moja inayovumilika yenyewe, unachokipenda ni unene wa sauti, na unene hauwezi kupangwa kuwa dakika 5. Toa sauti ile iliyo bora kuliko zote, ihifadhi kwenye folda ya sampuli zako ikiwa na kasi na ufunguo kwenye jina lake, funga faili, na uanze lupu mpya ukiwa na sauti hiyo moja tu.